Lori la Kumi na Saba

Kitale, 8 Oktoba 2024

Mpendwa Nakhungu,

Pokea salamu za nyumba hii. Sisi ni wazima. Mahindi ya shamba la nyuma nimeyavuna, magunia kumi na moja, na mvua haikuyaharibu. Kukhu alinitumia ndizi kutoka Kabuchai kwa mkono wa mtu wa kanisa. Ziliiva zote kwa siku moja, kwa hivyo majirani wamefaidi. Ukimwona huyo bibi yako mwambie akande miguu kwa maji ya moto, aache hayo mafuta ya taa.

Nakala ya daftari la geti la ghala, ya wiki hii, imo ndani ya bahasha, kama mkataba wa karakana yenu na ushirika wetu wa mahindi unavyotaka. Baldev wa duka la mabati amesema gari lake linakuja Bungoma kila Jumanne na Ijumaa, na bahasha zitakuwa zinaachwa dukani kwa mpwa wake Jaspreet. Nimeongeza barua yangu kwa sababu bahasha ni kubwa na nakala ni karatasi nne tu.

Mashine yenu ya kuchagua malori ya kupimwa inafanya kazi. Lori likifika, nabonyeza kitufe. Taa ya kijani ikiwaka, lori linaenda mizani. Ikiwaka nyekundu, linawekwa kando, wapimaji wanachoma magunia kwa bambo, wanatoa punje na kupima sumukuvu, ile sumu ya ukungu. Dakika arubaini. Kati ya malori manane, moja hivi linapata nyekundu, kama ulivyosema. Mwaka jana aliyechagua lori la kupimwa alikuwa mtu, na Kitale nzima ilijua namna ya kumnyamazisha. Sasa hakuna wa kunyamazishwa. Kamati imefurahi, na wanajua mashine imetengenezwa na mtoto wa marehemu ndugu yangu Wekoye.

Nina swali dogo. Je, mashine ina mazoea? Kuna dereva anaitwa Barasa, mtu wa Kiminini, hana wiki bila utani. Jana alikuja dirishani akauliza, "Mama Sellah, ati leo mimi ni wa ngapi?" Nikamwambia thelathini na moja. Akatazama daftari langu, akahesabu kwa vidole, akasema, "Basi niko sawa bana." Akapita na kijani. Wenzake wakacheka. Sikuuliza walichocheka.

Mjibu shangazi yako ukipata nafasi.

Senge yako,
Sellah


Bungoma, 18 Oktoba 2024

Senge,

Nisamehe kwa kuchelewa. Huku sijambo. Nilimfikia Kukhu Jumapili. Mafuta ya taa ameyaacha, au ameyaficha. Anakusalimu na anauliza mbona ng'ombe wako hazai.

Umeniuliza kuhusu mashine, nami nitakueleza kama nilivyoeleza kamati. Ndani ya boksi kuna leza ndogo kuliko punje ya wimbi. Mwanga wake unapita kwenye waya mwembamba wa kioo, ule mafundi wa intaneti wanaouita faiba, unagonga kioo cha kujitazamia kilicho mwishoni, kisha unarudi ndani ya leza ile ile na kuivuruga. Leza inaanza kuwaka na kufifia ovyo, mara mabilioni kwa sekunde, na hakuna awezaye kubashiri itawaka vipi muda ujao. Sisi tunapima tu. Ikiwaka sana tunaandika moja, ikififia tunaandika sifuri. Kila lori linapewa tarakimu tatu. Zikiwa moja zote, taa ni nyekundu.

Kwa kuwa stima ya huko hupotea, boksi lilikusanya tarakimu za msimu mzima siku ya kwanza, kwa muda usiofika sekunde moja. Sasa linazitoa kidogo kidogo, kwa mpangilio zilivyoingia.

Kuhusu mazoea: madereva hupenda kuhesabu. Wakikosa malori watahesabu nguzo za stima. Usiongee nao sana habari za mashine.

Wako,
Nakhungu


Kitale, 5 Novemba 2024

Mpendwa Nakhungu,

Mwambie Kukhu ng'ombe amezaa, ndama jike, tarehe ishirini na saba. Ian, mwanangu, ameanza kazi Eldoret na hapigi simu, lakini hata angepiga hanipati. Nimezima simu. Laini nimeitoa nikaiweka kwenye mkebe wa sukari.

Nitaeleza kwa utaratibu.

Malori hupanga foleni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi. Nimekaa getini miaka kumi na tisa. Katika miaka hiyo sijawahi kumwona dereva wa lori akimpa mwenzake nafasi. Sasa wanapishana kama wageni wa arusi. "Tangulia wewe." "Aka, tangulia wewe bana, mimi bado nakunywa chai." Wiki jana lori moja lilirudi nyuma nafasi mbili mbele ya macho yangu, na Barasa akapanda kuziba. Taa ikawa nyekundu. Akapimwa. Mahindi ya Barasa ni makavu na safi, siku zote. Akatoka pale anapiga mluzi.

Alipokuja kuchukua karatasi yake nilimwambia, "Barasa, wewe unapenda kupimwa."

"Si lazima kila mtu apende kitu, Mama?"

"Nani anakulipa?"

Akaacha kucheka. Akasema, "Mama Sellah, wewe bonyeza tu."

Maneno kama hayo nimeyasikia kwenye simu mara tatu tangu tarehe thelathini Oktoba. Sauti ya mwanamume, Kiswahili safi, bila haraka. "Mama, wewe endelea kubonyeza." Kisha anakata. Mara ya tatu alitaja rangi ya geti la nyumba yangu. Ndipo nikazima simu.

Unazo nakala zote za daftari. Ni kaunta buku ya kawaida, mistari thelathini na nne kwa ukurasa, lori moja kila mstari, na nyekundu naziandika kwa wino mwekundu. Chukua kurasa mbili zinazofuatana, uziweke moja juu ya nyingine, uziinue dirishani jua likipita. Mimi nimefanya hivyo. Sitaandika nilichoona.

Sellah


Bungoma, 8 Novemba 2024

Senge,

Nimeinua karatasi dirishani.

Funika daftari. Usiliache wazi hata dakika moja mbele ya dereva. Anza kuandika mistari thelathini na mbili kwa ukurasa, miwili ya mwisho iache tupu, ili wekundu usiangukie mahali pamoja. Usimwambie mtu sababu. Nitakuja wiki ijayo kurekebisha mashine.

Kukhu hajambo ila ameanza kukataa ugali. Anasema unga wa dukani siku hizi ni mchungu. Nimemnunulia wa kampuni nyingine.

Nakhungu


Kitale, 29 Novemba 2024

Mpendwa Nakhungu,

Hukuja.

Nyumba ni nzima. Ndama ananyonya vizuri. Bahasha yako ya tarehe nane ilinifikia tarehe kumi na tano, imekatwa ukingoni na kufungwa tena. Jaspreet hutumia utepe wa gundi wa kahawia. Hii ilifungwa kwa utepe mweupe. Nilimuuliza Baldev. Akapiga simu Bungoma mbele yangu, akaongea na Jaspreet kwa Kipunjabi muda mrefu, kisha akaniambia, "Mama, gari ilisimama kwa puncture Kamukuywa. Dereva alienda kutafuta fundi." Kuanzia sasa Baldev atabeba bahasha mwenyewe ndani ya koti.

Nilifunika daftari kwa gazeti. Siku ya pili alikuja mtu dirishani. Si dereva. Shati jeupe, saa kubwa, umri wa miaka hamsini hivi. Alisema, "Mama, mbona unaficha kitabu? Kitabu ni cha ushirika." Nikamwambia maagizo. Akauliza, "Maagizo ya Bungoma?" Sauti niliijua, ni ile ya simu. Nikaendelea kuandika, lakini kalamu iliandika nambari ya lori moja mara mbili.

Barasa alikuja Jumatatu tarehe kumi na nane. Hakutania. Aliinama dirishani akasema, "Mimi nimeacha kuwazibia hiyo nafasi ya nyekundu. Mke wangu anasema unga una uvundo. Nimewaambia watafute mtu mwingine." Kesho yake, saa saba mchana, watu wakila, alipigwa kwa spana ya magurudumu nyuma ya hoteli ya madereva. Hakuna aliyeona. Nilimhesabia Barasa majeraha mimi mwenyewe hospitalini: taya, mkono wa kushoto, meno manne. Hawezi kusema. Nilimuuliza jambo moja tu, nyekundu hurudi baada ya malori mangapi. Akanyoosha vidole kumi vya mikono yote miwili, ule wa kushoto kwa shida, kisha saba. Kisha akanionyesha mlango niondoke.

Mimi kwa sasa niko nyumbani kidogo, napumzika. Msichana anaitwa Viola anashika geti.

Sellah


Bungoma, 3 Desemba 2024

Senge,

Jaspreet ameniambia hilo pumziko lako linaitwaje. Umesimamishwa kazi tangu tarehe ishirini na moja kwa tuhuma za kuwauzia wafanyabiashara mpangilio wa taa. Nusu ya Kitale inajua, mimi nimejua dukani nikinunua misumari.

Hukuuza kitu. Nitakueleza kilichotokea, na barua hii unaweza kuisoma mbele ya mtu yeyote.

Mwanga unaotoka kwenye leza na kurudi kutoka kwenye kioo unachukua muda, mfupi sana lakini ni ule ule kila mara. Ukirudi, unaikumbusha leza ilivyokuwa ulipotoka. Leza ikivurugika sawasawa, kumbukumbu hiyo inamezwa. Ya kwetu haikuvurugika vya kutosha. Basi tarakimu zina mwangwi: kilichotokea sasa kinaelekea kujirudia baada ya tarakimu hamsini na moja. Ndani ya leza huo ni muda ambao jicho haliwezi kuuona. Lakini boksi linatoa tarakimu tatu kwa lori, na hamsini na moja ni lori la kumi na saba. Mwangwi wa mwanga umenyooshwa ukawa foleni ya nusu siku. Na ukurasa wako una mistari thelathini na nne, yaani kumi na saba mara mbili. Kwa hivyo kila mara wekundu ulianguka mstari ule ule, nao wakausoma kichwa chini, wakisubiri karatasi zao. Hawakuhitaji kujua leza ni nini.

Si kila mara. Mara saba kwa kumi. Kwa mtu mwenye mahindi mabovu, hiyo inatosha.

Kuna karatasi ya pili, nimeikunja peke yake. Isome ukiwa umefunga mlango, kisha uichome.

Nakhungu


(Karatasi ya pili)

Nilijua.

Kawaida tarakimu husafishwa kwa kuchanganywa na za leza ya pili, na mwangwi unapotea. Leza ya pili ilikuwa imekwama forodhani. Mavuno yalikuwa yanaanza. Tarehe tisa Septemba nilifanya kipimo cha mwisho. Idadi ya moja na sifuri ilikuwa sawa, vipimo vingine vyote vilikubali, isipokuwa mchoro mmoja ambao mstari wake ulipanda kwenye hamsini na moja kama kichuguu. Daktari Nyambu, mwenye karakana, alisimama mlangoni akauliza, "Iko tayari?" Nikasema iko tayari. Mchoro huo niliutoa kwenye ripoti nikauweka kwenye droo.

Nilijiambia: huko Kitale ni nani atahesabu hadi hamsini na moja?

Sikuja kurekebisha kwa sababu kuirekebisha ni kukiri. Nilifika stendi ya Bungoma mara mbili, nikarudi.


Kitale, 13 Desemba 2024

Mpendwa Nakhungu,

Karatasi zimefika. Zote mbili.

Nina habari tatu. Ya kwanza, kamati inanisikiliza Ijumaa tarehe ishirini, saa mbili asubuhi, mwenyekiti ni Madam Joan. Wakiniona na hatia wananikabidhi kwa polisi siku hiyo hiyo. Wanaye shahidi anayesema aliniona nikimwonyesha Barasa daftari. Ni kweli aliona. Daftari lilikuwa wazi na Barasa alikuwa dirishani. Barasa hawezi kunitetea, taya imefungwa kwa waya.

Ya pili, Jumanne asubuhi nilifungua mlango nikakuta gunia moja la mahindi, limesimamishwa vizuri, limeshonwa. Hakukuwa na jina. Nililifungua kwa kisu. Mahindi yalikuwa ya kijani kwa ukungu na yalitoa vumbi. Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Ninaweka kabati nyuma ya mlango, na nyakati za mchana nakaa kwa jirani. Nimesikia kuna nyumba moja Sirisia ambako watu watano wameugua baada ya kula. Sijathibitisha.

Ya tatu ni yangu. Wewe si peke yako. Mimi niliona wekundu ukianguka mstari mmoja mwishoni mwa Septemba, kabla ya Barasa kuuliza ni wa ngapi. Ningeweza kumwambia Madam Joan siku ile. Nilifikiri: mashine ina jina la mtoto wa Wekoye. Nikakuandikia swali dogo badala yake, nawe ukanijibu habari za nguzo za stima.

Niletee kitu cha kuonyesha Ijumaa. Maneno hawatayaamini.

Sellah


Bungoma, 17 Desemba 2024

Senge,

Kukhu alilazwa siku mbili. Alitapika, macho yakawa ya manjano kidogo. Amerudi nyumbani. Daktari hakusema ni unga. Hakusema si unga.

Kitu cha kuonyesha ni hiki, na hakihitaji mimi. Ijumaa asubuhi, kabla ya lori la kwanza, Madam Joan mwenyewe achukue daftari la Viola. Ahesabu malori kumi na saba ya mwisho ya Alhamisi. Mahali palipo na nyekundu, aandike nafasi hiyo kwenye karatasi yake, aikunje. Kisha mketi getini mtazame malori kumi na saba ya kwanza. Wewe usiguse kitu. Zikijirudia, wataelewa kwamba anayejua mpangilio ni yeyote anayejua kuhesabu, na kwamba uliendelea bila wewe.

Jana mtu alikuja karakana. Shati jeupe. Alimuuliza mlinzi, "Yule msichana wa taa yuko?" Mlinzi akasema nimetoka. Nilikuwa chini ya meza, Senge. Nina miaka ishirini na tisa na shahada mbili na nilikuwa chini ya meza. Tangu hapo kuna gari, Probox ya kijivu, ng'ambo ya barabara, ndani kuna mtu anasoma gazeti. Leo ni gazeti lile lile la jana.

Wakikuuliza kama nilijua...

Nakhungu


Kitale, 21 Desemba 2024

Mpendwa Nakhungu,

Niko nyumbani, sikukamatwa. Naandika yote leo kabla sijaanza kuyapamba.

Wanakamati walikuwa watano. Walileta viti vya plastiki wakakaa kando ya geti, kwenye jua. Madam Joan alifanya ulivyosema. Malori kumi na saba ya mwisho ya Alhamisi yalikuwa na nyekundu tatu: nafasi ya tatu, ya tisa na ya kumi na nne. Aliandika, akakunja, akaiweka chini ya kiatu chake ili upepo usiichukue. Viola alikaa kwenye kitufe.

La kwanza kijani. La pili kijani. La tatu nyekundu. Mzee mmoja wa kamati, Sifuna, akasema, "Bahati." Dereva wa hilo la tatu alikuwa na mahindi safi na hakushangaa hata kidogo.

La nne mpaka la nane kijani. La tisa halikuja.

Foleni ilisimama. Dereva aliyestahili kuwa wa tisa alikuwa ameshuka anazunguka lori lake, anapiga magurudumu kwa teke.

Wa nyuma yake akapaza sauti, "We, songa."

"Nina puncture."

"Puncture ya wapi? Magurudumu yote yamesimama kama askari."

"Basi pita wewe, kama una haraka."

"Mimi nipite niende wapi? Mimi nasubiri bibi yangu."

"Bibi yako yuko Busia."

"Basi si unaona nitasubiri."

Sifuna alicheka. Kisha akaacha kucheka, maana alitazama nyuma ya foleni akaona malori kumi na mbili, injini zimezimwa, na hakuna hata dereva mmoja aliyetaka kusogea mita ishirini. Nakhungu, ushahidi ulikuwa huo. Taa ilikuwa haijawaka bado. Yule mtu wao wa mahindi safi alikuwa ametumika kwenye nafasi ya tatu, na wa pili hakufika siku hiyo.

Madam Joan aliinuka. Alitembea mpaka kwa dereva, akafungua mlango wa lori, akamwambia, "Panda." Akapanda. Lori likaja getini. Viola akabonyeza. Nyekundu.

Wapimaji walipochoma bambo kwenye gunia la kwanza, kilichotoka kilikuwa na rangi ya majani. Kipimo kilisoma sitini na mbili. Kinachoruhusiwa ni kumi. Wakati huo huo nilimwona yule wa shati jeupe, amesimama kwenye kivuli cha hoteli, hana haraka. Alinitazama mimi. Kisha akatoa simu.

La kumi na nne lilikuwa kijani. Dereva wake alikuwa ameshafumba macho. Mbili kati ya tatu, basi. Madam Joan alifunua karatasi yake akaipitisha kwa wenzake.

Kwenye chumba cha kamati haikuchukua muda. Nirudi kazini Jumatatu. Yule shahidi wao akaambiwa aende. Polisi wakaitwa kwa ajili ya lori la tisa, na Barasa ataandikisha maelezo kwa kalamu. Ndipo Madam Joan akampigia Daktari Nyambu, spika ikiwa wazi. Daktari aliomba radhi. Alisema ni kasoro ndogo ya kitaalamu ambayo fundi wake ameigundua mwezi huu wa Desemba, na kwamba mashine nyingine tatu, zitakazofungwa maghalani Januari, zitakuwa zimesafishwa. Mzee Sifuna akauliza zimepimwa na nani. Daktari akasema, "Na fundi huyo huyo. Ni mwaminifu sana."

Madam Joan alikata simu akanigeukia. "Mama Sellah, mtoto wa ndugu yako alijua?"

Karatasi yako ya pili ilikuwa kwenye mkoba wangu. Sikuichoma. Nilikuwa nimekwenda nayo nikijua kwamba bila hesabu yako kufanya kazi ningelazimika kuitoa ili nisilale ndani. Hesabu ilifanya kazi, kwa hivyo sikulazimika. Wote walikuwa wakinitazama. Niliwaza kusema hapana. Neno lenyewe lilikuwa karibu sana.

Nilisema, "Swali hilo muulizeni mwenyewe."

Wamekupa mpaka Ijumaa tarehe ishirini na saba ujibu kwa maandishi. Sikukutetea na sikukusema. Ndiyo yote niliyoweza, na sijui kama ni machache au ni mengi. Karatasi yako nitairudisha nikikuona. Jibu ni lako.

Usitoke peke yako. Yule wa shati jeupe aliyepiga simu jana anajua sasa kwamba hesabu ilitoka Bungoma.

Senge yako,
Sellah


Bungoma, 24 Desemba 2024

Senge,

Kukhu anakula. Viazi tu, lakini anakula. Kila mtu amefunga kazi kwa Krismasi, karakana ina mimi na Daktari Nyambu, naye yuko ofisini anangoja.

Ameniandikia maelezo ya kamati, nusu ukurasa, kwa Kiingereza kizuri. Yanasema kasoro iligunduliwa tarehe tatu Desemba. Hilo si uongo kabisa: ni tarehe niliyokuandikia wewe. Nimebakiza kutia sahihi. Alinieleza kwa upole. Mkataba wa maghala matatu. Mafundi wanne wenye familia. Akasema, "Hakuna aliyekufa, Nakhungu." Nikamuuliza amejuaje. Akasema hakuna aliyethibitisha. Nimekaa nayo tangu saa mbili asubuhi na sasa ni saa tano.

Naogopa vitu vingi na nimevipanga. Naogopa yule mtu wa Probox. Bado yupo, leo na mwenzake. Naogopa polisi. Naogopa kwamba hakuna atakayenipa kazi ya kupima hata urefu wa kamba. Lakini ninachoogopa zaidi ni Januari, mashine tatu, na mimi nimesimama mlangoni nasema ziko tayari, na ninajua nitalisema vizuri, kwa sababu mara ya kwanza nililisema vizuri.

Nusu ukurasa wa Daktari nimeuacha mezani bila sahihi. Ndani ya bahasha hii kuna karatasi mbili. Moja ni maelezo yangu, mistari sita, wa kwanza ni "Nilijua tangu tarehe 9 Septemba 2024." Nyingine ni ule mchoro wenyewe. Tarehe imechapwa na mashine pembeni, na sahihi ni yangu. Mpe Madam Joan zote mbili. Usizisome kwanza kama senge.

Gari la Baldev linaondoka saa sita. Kutoka hapa mpaka dukani kwa Jaspreet ni mita mia nne, na mlango wa karakana ni mmoja, unatazama barabarani. Nimemuomba Jaspreet asimame nje ya duka anione nikija. Amesema ameshasimama.

Natoka sasa.

Nakhungu